SOMO LA KOMPYUTA: TUPIGE HESABU YA BETRI KABLA YA KUNUNUA



Katika somo hili tutazungumzia betri ya kompyuta ya mpakato, yaani laptopu. Tumelichagua jambo hili kwa sababu linagusa mfuko wa mzazi na masomo ya mwanafunzi kwa pamoja. Mzazi hudunduliza fedha kwa muda mrefu, kisha huambiwa dukani kuwa mashine hii inakaa na chaji muda wa saa 10. Umeme unakatika baada ya Isha, mtoto ana mtihani asubuhi, na mashine inazimika kabla ya saa 4 kupita. Je, muuzaji amesema uongo? Si lazima. Jibu linapatikana kwa hesabu, nayo ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

1. UKUBWA WA BETRI

Ukubwa wa betri hupimwa kwa wati-saa, na alama yake ni Wh. Kipimo hiki si kigeni kwetu. Uniti 1 ya umeme tunayoinunua majumbani ni wati-saa 1000. Kwa hiyo betri ya wati-saa 50 inabeba sehemu moja tu ya ishirini ya uniti.

Ikiwa Wh haikuandikwa kwenye betri, tafuta volti (V) na miliampea-saa (mAh). Gawanya mAh kwa 1000, kisha zidisha kwa volti. Mfano, betri ya laptopu za zamani yenye seli 6 huandikwa V 10.8 na mAh 4400:

4.4 × 10.8 = wati-saa 47.5

Hapa pana mtego. Betri nyingine ina mAh 5000, lakini volti zake ni 7.6. Wengi wataichagua kwa sababu 5000 ni kubwa kuliko 4400. Tupige hesabu: 5 × 7.6 = wati-saa 38. Kumbe ndiyo ndogo! Basi tusilinganishe mAh peke yake, bali tulinganishe wati-saa.

2. ULAJI WA MASHINE

Tuchukue mithali ya birika la kutilia udhu. Wati-saa ni maji yaliyomo birikani, na wati ni kiasi cha maji kinachotoka bombani. Birika ni lile lile, lakini anayefungua bomba kidogo atatumia maji kwa muda mrefu kuliko anayelifungua lote. Kanuni yetu ni hii:

Muda (saa) = wati-saa za betri ÷ wati zinazoliwa

Laptopu nyingi za sasa hula takriban wati 6 hadi 10 mtu anapoandika au kusoma. Nyingi za miaka ya 2000 zilikula 15 hadi 25. Michezo mizito ya kompyuta inaweza kupita wati 40.

Ulaji wa mashine yako unaweza kuupima mwenyewe. Jaza chaji, chomoa waya, fanya kazi zako za kawaida muda wa saa 1, kisha angalia asilimia. Tuseme betri ni ya wati-saa 48 na bado ni mpya, nayo imeshuka kutoka 100 hadi 80. Asilimia 20 ya 48 ni 9.6. Mashine inakula wati 9.6, na betri nzima itadumu muda wa saa 5.

3. KWA NINI AHADI HAITIMII?

Tuigeuze hesabu hiyo. Betri ya wati-saa 48 ili idumu saa 10, mashine haina budi kula wati 4.8 tu. Hilo huwezekana pale kioo kinapofifishwa, waifai inapozimwa na kazi inapokuwa nyepesi mno. Mwaka 2009 kampuni ya AMD, inayotengeneza prosesa, ililalamika hadharani kuwa vipimo vilivyotumiwa na watengenezaji vilifanywa katika hali kama hiyo. Basi namba ya dukani tuichukulie kuwa ni ukomo wa juu, si muda wa kila siku.

Jambo hili lina faida yake pia. Kioo ni miongoni mwa walaji wakubwa. Ukipunguza mwangaza na kufunga programu usizozihitaji, ukashusha ulaji kutoka wati 9.6 hadi 8, betri ile ile itadumu saa 6 badala ya 5. Umepata saa nzima bila kutoa hata senti.

4. BETRI HUCHAKAA

Betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, hupungua ujazo kila zinapotumika, na hata zikikaa tu. Watengenezaji wengi hukadiria kuwa baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500, hubaki na takriban asilimia 80 ya ujazo wa mwanzo. Baadhi hufikia mara 1000.

Maadui wakubwa wa betri ni joto na kukaa imejaa muda wote. Usiitumie laptopu juu ya godoro, maana matundu ya hewa huziba. Kama mashine inaruhusu kusimamisha chaji kwenye asilimia 80, tumia nafasi hiyo unapokuwa karibu na umeme. Na betri ikivimba, iache mara moja na umpelekee fundi. Usiitoboe.

Mwenye Windows anaweza kujua hali ya betri yake. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha linalotokea, kisha andika powercfg /batteryreport. Ripoti itaonyesha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Anayenunua laptopu iliyotumika aombe kuiona ripoti hii kabla ya kulipa.

5. KUCHAGUA UKUBWA

Anza na haja yako, usianze na bei. Jiulize: nitakaa mbali na umeme muda gani? Tuseme saa 4, na mashine inakula wati 10. Unahitaji wati-saa 40. Lakini betri itachakaa, kwa hiyo gawanya kwa 0.8:

40 ÷ 0.8 = wati-saa 50

Betri kubwa zaidi ya hapo ni uzito begani na fedha ya ziada. Anayesafiri kwa ndege ajue pia kuwa betri ya hadi wati-saa 100 huruhusiwa bila kibali maalumu, na ya 100 hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Betri ya akiba hubebwa mkononi, haiwekwi kwenye mzigo.

Ukinunua betri ya kubadilisha, hakikisha inalingana na modeli na volti za mashine yako. Jihadhari na namba za kupita kiasi. Seli nzuri za duara za laptopu hufikia takriban mAh 3500, nazo katika betri ya seli 6 ya V 10.8 hupangwa mbili mbili. Kwa hiyo haifiki mbali zaidi ya mAh 7000. Anayekuuzia betri ya namna hiyo iliyoandikwa mAh 9000 anakuuzia kibandiko.

ZOEZI

Laptopu ya Bi. Mkubwa ilikuwa na betri ya wati-saa 48. Ripoti inaonyesha sasa imebaki 24, na mashine inakula wati 8. Anahitaji saa 5 kila jioni. Je, anunue laptopu mpya?

Jibu: Sasa anapata 24 ÷ 8 = saa 3. Betri mpya ya 48 itampa saa 6. Kama mashine ni nzima, anunue betri tu, na fedha iliyobaki imfae kwa ada na vitabu.

Wasia wetu kwa wanafunzi ni huu: mzazi akitaka kununua, fuatana naye dukani ukiwa na kalamu na karatasi. Soma kibandiko, piga hesabu mbele yake, ndipo atoe fedha. Inshaallah mtarudi nyumbani na kile mlichokihitaji.