Dondoo muhimu: Oili ya gia boksi ya otomatiki, uibadilishe au uiache?

Umenunua mtumba wa Japani na hujui oili ya gia ilibadilishwa lini? Gari likishapata moto, injini ikinguruma, chomoa dipstiki ya gia boksi (magari mengine hayana) na udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Oili nyingi zikiwa mpya ni nyekundu. Ikiwa kahawia iliyokoza, badilisha. Ikiwa nyeusi, inanuka kuungua na gia zinateleza, muone kwanza fundi wa gia boksi. Oili mpya haiponyi kilichokwisha kulika.

Kumwaga kwa nati ya chini huacha oili nyingi ndani, kwa hiyo utarudia. Na tafadhali sana, gia boksi ya aina ya CVT isiwekewe oili ya otomatiki ya kawaida, hata fundi akikuapia kwamba zote ni sawa.