Mwili na Mwenendo wa Mtu



Bila shaka umepata kumwona mtu aliyekuwa mpole na mwaminifu, kisha baada ya ugonjwa au ajali akawa mkali, mwenye matusi na asiyetimiza ahadi. Majirani husema: "Amepagawa na pepo," au, "Sasa tabia yake ya kweli imedhihirika." Je, hukumu hiyo ni ya haki? Hebu tutazame kisa kimoja kinachojulikana sana katika elimu ya nafsi.

Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa wajenzi wa reli aitwaye Phineas Gage, mwenye umri wa miaka 25, alikuwa akishindilia baruti katika tundu la mwamba. Ghafula baruti ikalipuka. Mtaimbo wake, wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa kilo 6 hivi, ulimwingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto, ukapasua sehemu ya mbele ya ubongo, ukatokea juu ya kichwa. Ajabu ni kwamba hakufa. Baada ya dakika chache alisema, akapelekwa mjini hali ameketi katika gari la ng'ombe.

Daktari John Harlow alimwuguza hata jeraha likapona, ingawa jicho la kushoto lilipofuka. Lakini mwenendo wake haukuwa ule wa zamani. Mtu aliyesifiwa kwa uhodari na busara ya kazi sasa alikuwa hana subira, mwenye kutukana, akipanga mambo mengi na kuyaacha upesi. Rafiki zake walisema kuwa huyu siye Gage tena, na waajiri wake hawakumrudishia cheo chake.

Sababu yake ni nini? Sehemu ile ya mbele ya ubongo ndiyo imsaidiayo mtu kuzuia matamanio na kufikiri mwisho wa jambo kabla hajalitenda. Tena si ubongo peke yake. Tezi iliyo shingoni ikitoa homoni kupita kiasi, mtu huweza kuwa mwepesi wa hasira na kukosa usingizi. Ikitoa chache mno, huweza kulegea na kuhuzunika. Ndiyo maana wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Huenda mtu akauliza: "Ikiwa mwili ndio utuongozao, kuna haja gani ya kumlaumu mwovu au kumsifu mwema?" Jibu limo katika kisa kicho hicho. Mwaka 1852 Gage alikwenda nchi ya Chile, na kwa miaka kadhaa akaendesha magari ya abiria yaliyokokotwa na farasi. Kazi hiyo ilitaka kuamka mapema, kushika saa na kuwa na subira. Wataalamu kadhaa wa siku hizi huona kwamba utaratibu huo wa kila siku ulimsaidia kurudia sehemu kubwa ya utu wake, kabla hajafariki mwaka 1860 kwa ugonjwa wa kifafa. Kwa hiyo mwili huuelekeza mwenendo, lakini mazoea mema nayo huutengeneza mwili, na ubongo wenyewe huweza kujifunza upya.

Hata sheria ya Kiislamu haimtwiki mwendawazimu faradhi, na mgonjwa huruhusiwa kuiahirisha saumu. Lakini mwenye akili timamu huulizwa juu ya matendo yake.

Basi, ndugu msomaji, ukiona tabia ya mwenzio imebadilika ghafula, usiharakishe kumhukumu wala kumtenga. Mpeleke kwanza kwa daktari. Ama wewe mwenyewe, usiufanye mwili wako kuwa udhuru wa kila kosa. Lala usingizi wa kutosha, jiepushe na pombe, ambayo huidhoofisha nguvu ile ile ya kujizuia, na ushike kazi na ibada kwa nyakati zake. Aliyejeruhiwa anahitaji huruma yetu. Mwenye afya anadaiwa juhudi.