Ulimi Si Kipimo: Jua Asidi na Alkali za Nyumbani

Ndimu, siki na maziwa mgando vina asidi. Magadi, sabuni na maji ya majivu vina alkali. Ukali wake husomwa kwa kipimo cha pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yako 7. Chini ya hapo ni asidi, juu yake ni alkali. Kila namba ni mara 10: chenye pH 3 kina asidi mara 100 ya chenye pH 5.

Pima kwa choya

1. Chemsha konzi ya choya kavu (maua mekundu ya rozela) kwa vikombe viwili vya maji. Chuja, acha yapoe.
2. Tia kijiko kimoja kimoja cha maji hayo kwenye vikombe vyeupe.
3. Dondoshea unachopima, tone kwa tone, ukikoroga.

Choya yenyewe ina asidi, hivyo ndimu na siki huyaacha maji yake mekundu. Ukitia maji ya magadi, wekundu hufifia, hugeuka zambarau, kisha kijani. Maji ya majivu yaliyokolea huweza kuyafikisha kwenye manjano. Ukimaliza, mwaga vyote, usionje.

Usivipime hivi

Maji ya betri, dawa ya kusafishia choo, dawa ya madoa yenye klorini na soda kostiki ya kutengenezea sabuni. Dawa ya madoa huifuta rangi ya choya, kwa hiyo jibu lake ni la uongo.

Hatari iliyojificha

Watu huogopa asidi, wakadharau alkali. Soda kostiki ina pH inayokaribia 14, na huyeyusha ngozi na koo. Usiiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa: mtoto hujua chupa, hajui kilichomo.

Usichanganye dawa ya madoa na siki, ndimu au dawa ya choo. Hutoka gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Ukisikia harufu kali, toka nje kwanza, na watoto pia.

Ajali ikitokea

- Kemikali ikimwagikia ngozi au jicho: vua nguo iliyolowa, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 au zaidi. Usipake siki "kuua" alkali.
- Ikimezwa: usimtapishe mgonjwa. Msukutulie mdomo kwa maji, mkimbize kituo cha afya, na chukua chombo cha kemikali hiyo ili mganga ajue ni kitu gani.