Begi Limebaki Njiani? Anza Kudai Kabla Hujatoka Uwanjani

Saa nane usiku wa kuamkia Alhamisi, Jengo la Tatu la Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Ukanda wa mizigo unazunguka na vitu viwili tu juu yake: kigari cha mtoto na boksi lililofungwa kamba ya katani. Vyote si vyangu. Harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi. Kitambaa cha sare nilitumiwa Ulaya, nikashonea hukohuko, na gauni limo ndani ya begi ambalo halijulikani limebaki bara gani.

Nilifoka kidogo, nakiri. Haya hapa ndiyo ninayoyajua sasa na ambayo usiku ule sikuyajua.

1. Mtu wa kaunta si adui yako

Mara nyingi wala hajaajiriwa na shirika lililokuuzia tiketi. Ni wa kampuni ya huduma za uwanjani iliyopewa kazi hiyo kwa mkataba, na hana mamlaka ya kukuidhinishia fidia hata akikuonea huruma. Alichonacho ni fomu, kompyuta na namba ya kufuatilia. Mwamkie, mwambie shida kwa ufupi, jaza fomu, chukua namba. Hasira zako zihifadhi kwa ajili ya barua pepe.

2. Usitoke ukumbini bila PIR

PIR ni ile ripoti ya mzigo uliopotea, kuchelewa au kuharibika. Kijana aliyenihudumia aliniuliza, "Begi lako rangi gani, dada?" Nikamwambia jeusi. Akatabasamu kama daktari aliyeambiwa "naumwa kichwa", akanisogezea kadi yenye michoro: masanduku magumu, mabegi ya kitambaa, yenye magurudumu na yasiyo nayo, kila umbo na namba yake, na pembeni vibandiko vya rangi. Nikanyooshea kidole. Nikatoa kile kipande cha stika yenye namba 10 kilichobandikwa nyuma ya pasi yangu ya kupandia ndege, akaingiza, mashine ikatema karatasi yenye herufi tano na tarakimu tano. Herufi tatu za mwanzo ni kiwanja, DAR. Mbili zinazofuata ni shirika. Ipige picha palepale, maana karatasi yenyewe wino wake hufifia.

Wengi hujikwaa kwenye hatua inayofuata. PIR ni taarifa tu, bado hujadai chochote. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, unataka uliandikie shirika lenyewe. Begi limeharibika? Una siku 7 tangu ulipolipokea. Limechelewa? Siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Zikipita siku 21 tangu siku lilipopaswa kufika na halijaonekana, una haki ya kulidai kama limepotea. Kwenda mahakamani una miaka 2, basi.

Kikomo cha malipo tangu 28 Desemba 2024 ni vizio 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), karibu dola 2,000 za Marekani, kwa abiria mmoja na wala si kwa kila begi. Usidhani ni fungu linalokungoja. Utalipwa kwa kadiri ya hasara unayoweza kuithibitisha.

3. Funga kitenge kwenye mkono wa begi

Mabegi mengi ni meusi. Kabla ya kulifunga, piga picha vilivyomo. Kabla ya kulikabidhi, lipige picha lenyewe. Kisha soma stika inayobandikwa: DAR, ZNZ, NBO, MBA. Ukiona herufi za mji wa kupitia tu, uliza kabla begi halijamezwa na ule mlango wa raba. Dawa, dhahabu, kompyuta na hati viende na wewe mkononi.

4. Kariakoo, sema "na risiti"

Begi likichelewa una haki ya kununua mahitaji ya lazima na kurudishiwa gharama. Nilikwenda Kariakoo asubuhi hiyohiyo. Muuza duka akaniuliza swali ambalo kila Mtanzania analijua: "Na risiti au bila risiti?" Bei ya pili ni tamu. Nilikaza roho, nikachukua risiti ya mashine ya kodi (EFD): gauni Sh 185,000, mswaki, mafuta, nguo za ndani. Gauni lilinipwaya, nikampelekea fundi jirani na kwa mama akalibana kwa Sh 20,000. Fundi hana mashine, na mimi sikufikiria hata kumwomba aniandikie kwenye karatasi na kusaini.

Shirika lililipa vitu vidogo vyote. La gauni walilipa nusu, kwa hoja kwamba nguo nimebaki nayo. Ya fundi hawakulipa hata senti.

5. Jua safari yako iko chini ya sheria ya nani

Kwa ndege kuchelewa au kufutwa, wanaosafiri kati ya Afrika Mashariki na Ulaya wana silaha ambayo wengi hawaijui: Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya. Inamlinda kila abiria anayeondoka kwenye kiwanja cha Umoja huo, kwa ndege ya shirika lolote, na anayekwenda huko akitokea nje kwa shirika la Ulaya. Pasipoti yako haihusiki kabisa. Kijani, bluu, ya kitabu kipya, ya zamani, haki ni ileile.

Kwa hiyo ukipanda KLM kutoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam, imo. Ukirudi, imo. Ukipanda Kenya Airways kutoka Paris kwenda Nairobi, imo. Ukitoka Nairobi kwenda Paris kwa ndege hiyohiyo, haimo. Hapo watu hupigana na kaunta bure. Tena kinachoangaliwa ni shirika linaloirusha ndege, hata kama tiketi ina nembo ya mwenzake.

Kwa umbali unaozidi kilomita 3,500, ambao ni umbali wetu, fidia ni euro 600 ukifika umechelewa saa 4 au zaidi. Ukichelewa kati ya saa 3 na 4 wanaweza kuikata nusu. Chini ya saa 3 hakuna fidia. Uingereza, baada ya kujitoa, ilibaki na kanuni inayofanana na hiyo, na kiwango chake cha juu ni pauni 520.

Na kama safari yote iko kwenye bukingi moja, inahesabiwa kuwa safari moja. Umetoka Paris, ukaunganisha Nairobi kuja Dar, ukakwama Nairobi kwa sababu ndege ya pili ilichelewa? Mahakama ya Ulaya ilishatamka mwaka 2018, katika kesi ya abiria aliyetoka Berlin kwenda Agadir kupitia Casablanca, kwamba safari ya namna hiyo imo, hata kama kuchelewa kumetokea Afrika. Ndiyo maana sipendi tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ili kuokoa dola 60. Ukiikosa ya pili, kila shirika litakutazama kama mgeni wa jirani.

6. Uliza sababu, iandikwe

Fidia haitolewi kwa "mambo yasiyo ya kawaida": dhoruba, mgomo wa waongoza ndege, kiwanja kufungwa. Hitilafu ya kiufundi ya kawaida haimo humo, na mahakama hiyohiyo ilisema hivyo tangu 2008. Sasa, kwenye kipaza sauti hutangazwa "sababu za kiufundi", halafu baada ya miezi miwili barua pepe inakuja na "hali ya hewa". Rekodi tangazo. Piga picha ubao. Waombe maandishi, kwa sababu ndege ikichelewa saa 2 au zaidi kanuni inawalazimu kukupa karatasi ya kueleza haki zako.

Muda wa kufika huhesabiwa mlango wa ndege unapofunguliwa. Matairi kugusa lami hakuhesabiki. Siku moja dakika tano hizo zitakuwa na thamani ya euro mia tatu, kwa hiyo tazama saa.

7. Chakula hakisubiri sababu

Hata pale fidia inapokosekana, safari inayolindwa na kanuni hiyo inakupa haki ya chakula na vinywaji baada ya saa 4 za kusubiri kwa safari ndefu, hoteli ikibidi kulala, na usafiri wa kwenda hotelini na kurudi. Volkano ya Iceland ilipofunga anga la Ulaya mwaka 2010, shirika moja lilikataa kumhudumia abiria wake likisema hilo ni balaa la kupita kiasi. Mwaka 2013 mahakama ikasema balaa au si balaa, abiria hulishwa. Wakikataa, jilipie kwa kiasi, tunza risiti. Kwa kiasi maana yake wali na kuku, siyo kamba wakubwa na mvinyo.

8. Vocha si pesa

Fidia hulipwa taslimu, kwa benki au kwa hundi. Vocha ni mpaka ukubali kwa saini yako. Basi usitie saini saa tisa usiku ukiwa na njaa.

9. Mama anasafiri peke yake

Mama anakwenda kumwona mjukuu, Kiingereza chake ni cha "thank you", na anabadilisha ndege kwenye kiwanja kikubwa kuliko mji wake. Omba msaada saa 48 kabla ya safari. Kwa viwanja vya Umoja wa Ulaya ni bure kwa mujibu wa kanuni ya mwaka 2006, kwa wenye ulemavu na kwa wazee ambao kutembea kwao ni shida. Atapokelewa mlangoni na kiti mwendo, apitishwe uhamiaji, apelekwe hadi ndege ya pili.

Najua mama zetu wengine hupanda kiti hicho wakiwa wazima wa kuchota maji kisimani. Mimi mwenyewe siwezi kusema sijawahi. Lakini siku moja tulimkosesha kiti bibi mwenye magoti mabovu kwa sababu vyote vilikuwa vimekaliwa na wazima. Kwa mama ambaye shida yake ni lugha tu, uliza kwanza huduma ya kusindikizwa. Halafu mwandikie karatasi yenye majina ya viwanja, namba za ndege na simu yako, aiweke kwenye pochi, asiiweke ndani ya begi linalokwenda chini.

10. Andika mwenyewe kwanza

Mitandaoni kuna mawakala wanaokudaia fidia "bila gharama", kisha hula robo ya fungu lako au zaidi. Fomu za mashirika ni bure. Taja namba ya bukingi, ndege, tarehe, saa uliyofika, kifungu unachodai, namba ya benki. Kurasa mbili za maisha yako hazisomwi na mtu. Wakinyamaza, andika tena, kisha peleka malalamiko kwa wasimamizi. Tanzania kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA) na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Kenya kuna mamlaka yake, KCAA. Kwa madai ya Ulaya muda wa mwisho hutofautiana nchi na nchi: Uholanzi miaka 2, Ujerumani 3, England 6.

11. Achari

Begi langu lilifika Jumapili, harusi imekwisha, kitenge chake mkononi kama si lenyewe lililopotea. Wakati wa kurudi, mama alinifungia chupa mbili za achari ya embe, nikazizungushia gauni la sare ambalo halikuvaliwa na mtu, ili zisivunjike. Moja ilivunjika. Mkataba wa Montreal unalisamehe shirika pale uharibifu unapotokana na kasoro ya mzigo wenyewe, na chupa ya kioo iliyofungwa kwa nailoni na mpira wa kufungia nywele, nimeambiwa kwa adabu kubwa na barua pepe ya mistari mitatu, ni kasoro ya mzigo.