SOMO LA KIINGEREZA: MKATO KABLA YA "WHO" NA "WHICH"

Wengi wenu huandika barua na maelezo kwa Kiingereza: kwa ofisi, kwa shule, kwa jamaa walio mbali. Leo tutazame alama ndogo, mkato, ambayo inaweza kubadilisha hesabu ya familia yako. Soma sentensi hizi:

My daughters who are in Kyambogo need school fees.
My daughters, who are in Kyambogo, need school fees.

Ya kwanza ina maana kwamba unao mabinti wengine mahali pengine. Wanaohitaji karo ni wale tu walio Kyambogo. Ya pili ina maana kwamba mabinti wako wote wako Kyambogo. Karani anayesoma hakujui. Ukiandika ya kwanza huku binti zako wote wako Kyambogo, atauliza: wengine wako wapi?

Kipimo ni hiki. Funika kwa kidole maneno yanayoanza na who au which. Kama msomaji bado anajua unamtaja nani, weka mikato miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Huo wa nyuma ndio unaosahauliwa sana. Kama hajui tena, usiweke.

Tuchukue Kyambogo penyewe, kule Kampala:

Kyambogo University, which was formed in 2003, brought together three colleges.

Jina latosha kukitambulisha chuo. Mwaka ni nyongeza tu. Lakini:

The college which trained teachers for special needs was called UNISE.

Vyuo vilivyounganishwa vilikuwa vitatu. Ukifunika maneno hayo hatujui ni kipi, basi hakuna mkato. Ukitumia that badala ya which katika sentensi kama hii, mkato hauwekwi kamwe.

Waliosoma kwa Kifaransa, Kongo au Burundi, mkato ndio ile virgule yenu, na kanuni ya qui na que ni hiyo hiyo. Katika Kiswahili tukisema "binti zangu walio Kyambogo", anayesikia hutambua maana kutokana na mazungumzo, ndiyo maana kwenye Kiingereza tunateleza.

ZOEZI. Weka mikato panapohitajika:

1. My husband who is a teacher lives in Nakivale.
2. The form which I signed yesterday is lost.

MAJIBU. 1: mume ni mmoja, kwa hiyo mkato baada ya husband na baada ya teacher. 2: fomu ni nyingi, hakuna mkato.