Kasi Bila Kuunguza: Kupandisha Kadi ya Michoro ya Laptopu Kisiwani Mombasa

Kijitabu hiki ni cha kijana mwenye laptopu ya gemu, na pia cha mzazi aliyetoa pesa za kuinunua. Kinaeleza namna ya kupandisha kasi ya kadi ya michoro, yaani kuovakloki, bila kuiharibu mashine. Maelekezo mengi ya kazi hii yameandikwa na watu wanaokaa penye baridi. Ukiyafuata yalivyo ukiwa chumbani Kibokoni, Mombasa, mwezi wa Februari, utapata matokeo mengine kabisa.

Faida yake ni kiasi gani

Wengi huitarajia kubwa kuliko ilivyo. Gemu iliyokuwa ikienda fremu 60 kwa sekunde kwa kawaida itafika 63 au 65, basi. Na jina la kadi peke yake halikwambii mengi. Kadi ya GeForce RTX 4060 ya laptopu inaruhusiwa kutumia kuanzia wati 35 hadi 115, na kila kampuni inayounda laptopu huchagua kiwango chake. Kwa hivyo laptopu mbili zenye kibandiko kimoja zinaweza kupishana sana, na programu ya kupandisha kasi haikuongezei wati hizo. Kabla ya kushindana na jirani, fungua NVIDIA Control Panel, ingia System Information, usome kiwango chako.

Kama taabu yako ni mchezaji wako kuganda ukicheza mtandaoni, huenda kadi haina kosa. Seva za gemu nyingi ziko Ulaya, Ghuba au Afrika Kusini, na umbali huo hauondoki kwa megahezi.

Joto, unyevu na chumvi

Machi, kaskazi inapokaribia kwisha, joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 33 hivi. Julai, kusi ikivuma, ni 28 hivi. Chumba kikipanda nyuzi moja, kadi nayo hupanda takriban nyuzi moja. Kadi iliyotulia kwenye 80 mwezi wa Julai itakuwa 85 ikifika Machi, na laptopu nyingi zenye GeForce huanza kujipunguzia kasi zikikaribia 87. Hapo unaweza kukuta kadi uliyoipandisha inakwenda polepole kuliko ilivyotoka kiwandani.

Nyumba za Mji wa Kale zina tabia yake. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hufyonza joto la jua mchana, kisha hulitoa taratibu usiku. Saa tatu usiku barabarani kumeshapoa, ghorofani bado kuna fukuto, na pangaboi linazungusha hewa ileile ya moto. Saa hizo ndizo vijana wengi wanapocheza. Kwa hivyo pima joto la chumba chako. Usitegemee hali ya hewa inayoonyeshwa na simu.

Chumvi ni adui wa pili. Hewa ya bahari huibeba, nayo hufyonza maji unyevu unapopita asilimia 75 hivi, jambo la kawaida kisiwani nyakati za usiku. Vumbi lenye chumvi likilowa juu ya bodi hula shaba na kupitisha umeme pasipotakiwa. Mwambie fundi afungue mfuniko wa chini wa laptopu iliyokaa muda mrefu karibu na dirisha la baharini. Mara nyingi utaona vichwa vya skrubu vimeshika kutu, na baina ya feni na mapezi ya shaba vumbi limegandamana kama sufi. Hilo ndilo linalokuibia kasi, na kuliondoa kunaweza kukupa zaidi ya utakachopata kwenye programu yoyote. Likipulizwa kwa blowa, mapanga ya feni yashikwe kwa kidole yasizunguke ovyo. Laptopu ikiwa na miaka miwili au mitatu, ibadilishwe pia pesti inayopitisha joto kutoka kwenye kadi hadi kwenye shaba, nawe ukae papo hapo utazame.

Halafu inyanyue nyuma. Vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu ya nyuma vinatosha kuanzia. Godoro, mto na kitambaa cha meza huziba matundu ya hewa.

Usiweke barafu wala kitambaa kibichi chini ya mashine. Hewa ya hapa miezi ya joto hutoa umande juu ya kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 24 hivi, hata ndani ya laptopu. Kwa sababu hiyo hiyo, laptopu iliyokaa kwenye chumba chenye AC kali, ukiitoa nje iache nusu saa ikiwa imezimwa.

Punguza volti kwanza

Kisiwani, njia bora ya kupata kasi ni kupunguza joto, na joto hupungua ukipunguza volti. Matumizi ya umeme ya kadi hufuata mraba wa volti: ukishusha volti kwa asilimia 10 na kasi ikabaki palepale, sehemu kubwa ya matumizi hayo hushuka kwa karibu asilimia 19. Na kwa kuwa kadi ya laptopu imefungiwa wati zake, ile nafuu huitumia yenyewe kupanda kasi.

Programu inayotumika zaidi ni MSI Afterburner. Ni ya bure, na hufanya kazi hata kwenye laptopu za kampuni nyingine. Ichukue kwenye tovuti ya MSI tu, kwani mwaka 2022 watafiti wa usalama walifichua tovuti bandia zilizoigawa ikiwa na virusi vya kuchimba sarafu za kidijitali. Wenye kadi za Radeon watumie programu ya Adrenalin ya AMD.

Tazama kwanza kadi inakwenda kasi gani gemu ikiwa nzito. Tuseme ni megahezi 1900 kwa milivolti 950. Bonyeza Ctrl na F, mchoro wa volti na kasi utafunguka. Shika nukta ya milivolti 875, ivute juu hadi 1900, kisha zilizo kulia kwake zishushe zisipite kimo hicho. Hifadhi, ucheze. Gemu ikianguka, rudi kwenye milivolti 900. Laptopu nyingine kampuni imefunga uwezo huu, na hapo hakuna la kulazimisha.

Ukitaka kupandisha zaidi

Weka chaja, kisha kwenye Afterburner ongeza Core Clock, yaani kasi ya kadi yenyewe, megahezi 30, ucheze gemu nzito robo saa ukitazama joto kwa programu ya HWiNFO. Ongeza tena kidogokidogo. Skrini ikitoa vitone vya rangi au ikawa nyeusi kwa muda mfupi kisha ikarudi, umepita kiasi: Windows husubiri draiva ya kadi sekunde 2, isipojibu huiwasha upya. Rudi nyuma hatua mbili.

Memori ya kadi ni mjanja zaidi. Ikipandishwa mno huanza kurudia kutuma data iliyokosewa, gemu haianguki, lakini fremu hupungua. Kila unapoiongeza, linganisha alama za programu ya vipimo kama Superposition au 3DMark. Alama zikishuka, simama.

Usiwashe chaguo la kuanzisha mipangilio hii pamoja na Windows mpaka umejaribu saa nzima, wakati chumba kina joto kuliko nyakati zote. Kisha andika kwenye karatasi tarehe, joto la chumba na joto la kadi. Mpangilio uliopatikana Julai ujaribiwe upya Februari. Sisi tunashauri kadi isizidi nyuzi 83.

Suala hili lina ubishi wa zamani. Februari 2015 NVIDIA ilizima uwezo wa kupandisha kasi kwenye laptopu kupitia draiva mpya, ikitaja usalama wa mashine. Wenye laptopu walipolalamika ikatangaza kuurudisha. Hoja ya kampuni haikuwa ya kupuuzwa, hasa kwa mtu wa pwani.

Stima na betri

Mwaka 2023 karibu nchi nzima ilikosa stima tarehe 25 Agosti, tena 11 Novemba na 10 Desemba, mbali na kukatika kwa kawaida kwa mtaa mmoja mmoja. Stima ikikatika chomoa chaja, usubiri dakika chache baada ya kurudi, maana inaweza kurudi kwa kishindo. Usijaribu mipangilio kwa betri. Kadi hujishusha yenyewe na vipimo vyote huwa bure.

Laptopu inayokaa kwenye chaja kutwa, iwekee chaji iishie asilimia 80 kama mashine inaruhusu. Mzazi, ukiona sehemu ya kuwekea kidole chini ya kibodi imevimba, au mfuniko haufungi sawasawa, hiyo ni betri. Izimwe, isichajiwe tena, isitobolewe, ipelekwe kwa fundi siku hiyohiyo.

Na ukiiuza laptopu, rudisha mipangilio ya kiwandani kabla ya kumkabidhi mnunuzi, umwambie kuwa ilipandishwa kasi na umpe karatasi yako ya vipimo.