Una pumu na unataka kuanza kukimbia?

Unaweza. Haile Gebrselassie wa Ethiopia ana pumu, na Septemba 2008 alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 59, rekodi ya dunia wakati ule. Mwaka huohuo alijitoa katika marathoni ya Olimpiki ya Beijing kwa kuhofia hewa chafu ya jiji lile. Kama bingwa anachagua hewa ya kukimbilia, wewe wa Kilosa au Mikumi unayeanza leo usione aibu kuichagua.

Kwa nini kifua kinabana? Mwenye pumu, njia zake za hewa huwa zimevimba kidogo hata siku anayojisikia mzima. Zikikutana na vumbi, moshi au hewa kavu ya baridi, hujikaza na pumzi ikatoa mluzi. Ukikimbia unavuta hewa nyingi kwa mdomo, bila pua kuipasha joto wala kuilainisha. Mara nyingi kifua hubana zaidi dakika 5 hadi 10 baada ya kusimama, kwa hiyo usidhani umepona kwa kuwa umemaliza salama.

Raba zisubiri kidogo. Nenda kwanza zahanati au kituo cha afya cha karibu. Wakikuelekeza mbele, kuna Hospitali ya Wilaya ya Kilosa, na kwa wa Mikumi, Hospitali ya Mtakatifu Kizito. Usiishie kusema "nasumbuliwa na kifua". Eleza unaamka usiku mara ngapi kwa kubanwa, umetumia dawa mara ngapi wiki hii, na kwamba unataka kuanza mazoezi. Kama kifua kinakuamsha usiku, au unahitaji dawa ya kutuliza zaidi ya mara mbili kwa wiki, pumu haijatulia. Itibiwe kwanza.

Dawa za kuvuta, ambazo wengi tunaziita pampu, ni za namna mbili. Ya kutuliza, boksi lake limeandikwa Salbutamol, hufungua njia za hewa ndani ya dakika chache. Ya kinga, kama Beclomethasone au Budesonide, hupunguza uvimbe wenyewe. Hutumika kila siku hata kama huumwi, na ukishavuta unasukutua mdomo na kutema maji. Hii ya kinga ndiyo watu huiacha, maana haileti nafuu ya papo hapo, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfanya mtu aweze kukimbia. Vidonge vya salbutamol ni rahisi kwa bei, lakini huchelewa kufanya kazi, hutetemesha mikono na kuuendesha moyo mbio. Pampu ni ghali zaidi, ila moja ya salbutamol huwa na mivuto 200. Ulizia kwanza dirisha la dawa la hospitali, na kama una bima uliza inalipia nini, kabla ya kwenda duka la dawa.

Dawa nyingi huishia kooni kwa kuvutwa vibaya, na chupa ya kawaida husaidia ifike kifuani. Chukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, toboa kitakoni tundu linaloubana mdomo wa pampu, chomeka pampu na uzibe pembeni kwa gundi au plasta. Tikisa pampu, weka midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, kisha vuta pumzi taratibu mara kadhaa. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu chupa ya namna hii kwa watoto, na mwaka 1999 wakaandika kwamba ilifanya kazi sawa na chombo cha kuvutia dawa kinachouzwa.

Ukimbilie wapi? Kilosa, uwanja wa shule wenye nyasi unafaa kuliko barabara ya vumbi, hasa kiangazi, na ukiona moshi wa mashamba siku hiyo pumzika. Mikumi, iepuke barabara kuu ya Iringa kwa moshi wa malori. Kipande kinachopita hifadhini usikikanyage kabisa, kuna tembo, nyati na simba. Kimbia mitaani, jua likiwa limeshatoka, na mwenzako anayejua una pumu. Asubuhi za Juni na Julai funika pua na mdomo kwa kitambaa chepesi.

Anza siku tatu kwa wiki. Kama daktari amekuagiza, vuta dawa ya kutuliza dakika 10 hadi 15 kabla. Tembea dakika 10, kisha kimbia dakika 1 na kutembea 2, mara sita, na umalizie kwa kutembea tena. Mwendo wako ni ule unaokuwezesha kusema sentensi nzima. Ukibaki na neno mojamoja, punguza. Ukijiunga na kundi la jogingi kaa nyuma, na nyimbo waachie wenyewe. Ukiwa na mafua usikimbie. Misuli ikiuma, usinunue diclofenac au ibuprofen bila kuuliza: kwa baadhi ya wenye pumu huamsha ugonjwa.

Pampu ya kutuliza iwe mfukoni, pamoja na nauli ya bodaboda. Kifua kikibana, simama, kaa wima, usilale. Vuta mvuto mmoja kila nusu dakika hadi dakika moja, usizidi kumi. Ukishindwa kuongea, midomo ikibadilika rangi au mivuto kumi ikiisha bila nafuu, mwenzako akupeleke hospitali hapohapo.